Masanduku Mawili, Jina Moja

Mtaani kwetu, Shituru, watu walikuwa wakisema kwamba si mimi niliyekuwa na pikipiki, bali pikipiki ndiyo iliyokuwa na mimi. Nilikuwa nimeinunua kwa mhandisi mgeni aliyemaliza mkataba wake na kurudi kwao. Ilikuwa pikipiki ndefu ya safari, yenye mdomo kama wa bata na tangi kama tumbo la mtu aliyepandishwa cheo. Mwenyewe aliitumia kwenda kazini na kurudi. Mimi nilikuwa na mipango mikubwa zaidi, na kwa sababu ya mipango hiyo karibu kiangazi chote kilipita bila pikipiki kuvuka lango letu.

Natengeneza simu. Nina kibanda karibu na soko, na kila ninachokijua nimejifunza kwa kutazama video na kuharibu vitu vyangu kabla ya kuharibu vya wengine. Kazi hiyo ya skurubu ndogo kama mbegu za lengalenga, mchicha wetu, imenifanya mtu wa aina fulani. Skurubu moja ikibaki mezani baada ya simu kufungwa, sina raha, hata kama simu inaita vizuri na mwenyewe amekwisha kwenda nayo. Nikifunga mlango wa nyumba, narudi kuujaribu. Nikiisha kuujaribu, narudi tena kuona kama sikuulegeza kwa kuujaribu. Mama alizoea kunisubiri barabarani huku akihesabu tasbihi.

Safari yenyewe ilikuwa hii. Dada yangu ni muuguzi katika kijiji cha upande wa ziwa, na alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza wa mama. Baba yetu alikuwa amekufa, na mama alitaka jambo moja tu duniani: mtoto abatizwe kwa jina la baba. Lakini watu wa ukoo wa shemeji nao walikuwa na marehemu wao, na marehemu wao naye alikuwa na jina. Shemeji ni mtu mwema anayeziogopa pande zote mbili kwa usawa, kwa hiyo alitafuta namna ya kuamua bila kuamua. Alisema mama yangu ndiye atakayekuwa mama wa ubatizo, na yule anayemshika mtoto mbele ya padri ndiye atakayetaja jina. Misa ikianza mama yangu hayupo, basi atashika mama yake yeye, ambaye mlango wa nyumba yake unatazamana na mlango wa kanisa.

Padri hufika kijijini kule mara chache, kwa hiyo hakukuwa na kuahirisha. Magari hayapiti tangu maji yalipokula daraja dogo, na taksi za pikipiki za mjini hugeuza pale lami inapoishia. Nilimwambia mama, kwa sauti ya mtu anayejiamini, kwamba nitampeleka mimi.

Kuanzia siku hiyo nilianza kuitayarisha pikipiki. Katika video zangu, wanaume wenye ndevu nyekundu walivuka milima ya theluji na kusema kwamba mtu asiye na masanduku ya alumini hajawa msafiri, ni mpita njia tu. Mimi sikutaka kumpeleka mama yangu kwenye ubatizo kama mpita njia. Niliagiza. Vitu vilikuja kimoja kimoja kutoka Lubumbashi, juu ya malori, vikiwa vimefungwa kwa magazeti: chuma cha kukinga injini, kinga za mikono, kioo kirefu cha upepo, stendi ya katikati, na taa mbili za ukungu kwa ajili ya barabara ambayo kwa nusu ya mwaka haina ukungu bali vumbi jekundu. Mwisho yalikuja masanduku mawili ya pembeni, makubwa, ya alumini, yenye kufuli na mpira mweusi mdomoni usioruhusu hata vumbi kuingia.

Niliyatazama masanduku yale nikajisikia kuwa sasa mimi ni mtu mzima.

Kuyafunga kulinitesa. Upande wa kulia kuna bomba la moshi, kwa hiyo fremu ya sanduku la kulia hutokeza nje kidogo kuliko ya kushoto. Mtu wa kawaida haoni. Mimi niliona, na baada ya kuona sikuweza tena kuona kitu kingine. Nilichukua futi ya kushonea ya mama, nikapima kutoka katikati ya kiti kwenda kila upande, nikatia vipande vya chuma nyuma ya fremu ya kushoto ili nayo itokeze sawasawa. Nilipima asubuhi. Nilipima jioni, kwa sababu nilisoma kwamba chuma hutanuka kwa joto.

Ng'ambo ya ua wetu anakaa mzee aliyestaafu kazi ya kiwanda, ambaye alikuwa rafiki wa baba huko huko kiwandani. Sisi wote tunamwita Papa Voisin, yaani baba jirani. Tangu astaafu, kazi yake ni kukaa langoni kwake na kusimamia kazi za wengine.

"Mutoto," aliniita, "hii tukutuku itaenda lini?"

"Bado, Papa. Niko napima, pande zote zilingane."

"Unapima? Utaiuza kwa kilo?"

Kilichobaki ni wezi. Masanduku yale yalikuja na ndoana za kuyachomoa haraka kwa ufunguo, na watu wa video waliyachomoa kwa mkono mmoja huku wakitabasamu. Inaonekana kwao hakuna watu. Mimi nilifikiria soko letu, nikatoboa matundu, nikayafunga masanduku kwenye fremu kwa boliti nene kutoka ndani, na kila boliti nikaipaka gundi nyekundu. Kwenye chupa yake imeandikwa kwamba gundi hiyo ikikauka, boliti haitafunguka tena bila moto. Niliisoma sentensi hiyo kama ahadi.

Papa Voisin alikuja kukagua. Akagonga sanduku kwa kidole. "Hata Buluo hawafungake watu hivi," akasema, kwa kuwa huko ndiko kwenye gereza letu kubwa. Nilifurahi. Nilidhani ananisifu.

Jumamosi asubuhi, siku ya kuondoka ili tuwahi misa ya Jumapili, mama alitoka ndani amevaa kikwembe cha chama cha akina mama wa parokia, kile chenye picha ya Bikira Maria, kimefungwa na kukazwa mpaka hatua zake zikawa fupi kama za ndege. Kilemba kilikuwa kichwani, mkoba mkononi. Aliizunguka pikipiki taratibu. Nilisubiri aseme kitu juu ya usawa.

"Miye nitaikala wapi?"

"Nyuma yangu, mama. Kiti ni kipana."

"Na miguu?"

"Mumoja huku, mumoja huku."

Mama alinitazama mimi, binti yake, kuanzia viatu mpaka suruali. Kisha akasema polepole, kama mtu anayesoma tangazo: "Mu nyumba yetu, mwanamuke mumoja wa kuikala kwa tukutuku kama mwanaume anatosha."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila siku ya maisha yangu, kutoka kibandani kwangu, nimewaona akina mama wa mji huu wakipita kwenye taksi za pikipiki. Wote hukaa upande, miguu yote miwili kushoto, magoti pamoja, mkoba mapajani, kwa sababu kikwembe hakitanuliwi na kwa sababu upande wa kulia bomba la moshi lingekichoma. Hakuna anayefundishwa. Ni kama kujua mkono wa kulia chakula. Nilikuwa nimesoma jinsi ya kuvuka mito ya nchi nisizozijua, nikapima upanuzi wa chuma kwenye joto, na mahali hasa ambapo miguu ya mama yangu ilipaswa kukaa nilikuwa nimefunga kwa boliti na gundi sanduku la alumini lenye ukubwa wa mbuzi.

"Mama, unaweza kuvaa suruali yangu ndani ya kikwembe..."

"Nimushike mutoto wa ubatizo na suruali? Mbele ya muko wangu?" Muko ni mkwe, na mkwe aliyekuwa akilini mwake ni mmoja tu, mama wa shemeji.

Papa Voisin alikuwa amekwisha kusogeza kiti chake karibu na ua. "Umutie mu sanduku!" akapaza sauti. "Njo nafasi yenye inabakia!"

"Toa hii kintu," mama akasema.

Nilichukua spana. Nikasukuma. Boliti haikutikisika. Nikachukua spana ndefu zaidi, nikaning'inia juu yake kwa uzito wangu wote, na kilichosogea kilikuwa pikipiki. Jua lilipanda. Nilijaribu ile ya pili, ya tatu, zote, halafu nikarudia ya kwanza kwa heshima kidogo.

"Ni nini?"

"Imeshikana, mama."

"Nani aliishikisha?"

Niliificha chupa ya gundi mfukoni. Mama hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliketi kwenye ngazi ya mlango, akavua kilemba chake, akakikunja mara mbili magotini kama kitu kisichohitajika tena. Kisha akachukua simu na kumpigia dada yangu. Nilisikia neno moja moja: bado, sijui, fundi wetu. Mwishoni akasema, "Ambia muko wangu ajitayarishe na yeye. Kama hatujafika, hatujafika. Jina ya baba yenu itangoja mutoto mwingine."

Nilitamani anipige kwa kilemba.

Gundi inataka moto, na moto katika nyumba yetu uko sehemu moja. Nilikokota mbabula ya mama, lile jiko la makaa analopikia bukari, ugali wetu, nikaliweka kando ya pikipiki. Nikatia ndani yake chuma cha kubandulia tairi mpaka ncha yake ikawa nyekundu. Nikakigandamiza juu ya kichwa cha boliti ya kwanza. Rangi niliyoipaka kwa brashi ndogo, nikingoja kila mpako ukauke, ikavimba malengelenge mbele ya macho yangu. Mama alisimama, akachukua upepeo, akaanza kupepea makaa. Tulifanya hivyo boliti kwa boliti. Kila moja ilikaa kimya, ikakaa kimya, kisha ikatoa mlio mkali ambao mbwa wa Papa Voisin aliujibu. Sanduku la kushoto lilipoanguka chini, jua lilikuwa linakaribia kuzama, na uso wa mama ulikuwa mweusi kwa masizi.

Fremu tuliiacha. Juu yake nilifunga kipande cha ubao na kukizungushia mkeka mkuukuu. Mama akapanda, akakaa upande, akaweka miguu yake juu ya ubao. Akatikisika kidogo kujaribu.

"Hapa ni muzuri," akasema. "Kama kwa kiti ya sebule."

Nilitaka kulitoa na sanduku la kulia. Nakiri: haikuwa kwa sababu ya mama. Nilishindwa kuitazama pikipiki yenye sikio moja.

"Na bintu ya mutoto tutatia wapi?" mama akauliza. "Ile iache."

Tuliondoka Jumapili alfajiri, mara tu barabara ilipoanza kuonekana. Katika sanduku la kulia tulikuwa tumetia gauni jeupe la ubatizo, mshumaa, chupa ya divai, na vifaa vyangu vyote vya kukabiliana na hatari ambazo mama alikataa kuzisikiliza. Nilikuwa nimejitayarisha kuendesha kwa kupambana na uzito wa upande mmoja. Nilisubiri pikipiki ivute, na haikuvuta. Miguu na mkoba wa mama vilining'inia kushoto, sanduku likaning'inia kulia, na tulikwenda sawa kama uzi. Nikakasirika. Hesabu zangu zote hazikuwahi kuwa sahihi kama kosa hili.

Mwisho wa lami kulikuwa na kizuizi, kamba iliyofungwa vitambaa vyekundu, na kijana wa sare aliyekuwa akinywa chai. Aliliona sanduku kabla hajatuona sisi. Nilikuwa nimesahau kwamba katika wilaya ya shaba, sanduku la chuma lenye kufuli juu ya pikipiki lina maana moja tu: mawe yaliyoibwa mgodini.

"Mawe ya Kamatanda?" akauliza.

"Ni nguo ya mutoto," nikasema.

"Nguo inafungwa na boliti?"

Nikafungua kufuli. Alichomoa vitu kimoja kimoja: kipimo cha upepo wa tairi, kamba ya kuvutia, kichungi cha maji, vidonge vya kutibu maji ambayo kichungi kingeyashindwa. Akafika kwenye gauni jeupe akasita. Mama, bila kushuka, alinyoosha mkono na kuligusa. "Papa," akamwambia kijana yule ambaye angeweza kuwa mwanawe, "saa hii iko muntu kule anamushika mujukuu wangu. Ukiendelea kuangalia bintu ya huyu, mutoto ataitwa jina ya watu wengine mpaka kufa."

Kijana alitazama gauni, akanitazama mimi, akatazama vidonge vya maji. Akashusha kamba. "Mama, mupite. Lakini huyu ni muntu gani anaenda ubatizo na bintu ya vita?"

Tulipofika kijijini, kengele ya kanisa, yaani kipande cha reli kilichotundikwa mtini, ilikuwa inagongwa. Padri alikuwa bado mlangoni, anatengeneza stola yake shingoni. Dada yangu alisimama kando, shemeji alikuwa anachunguza viatu vyake, na katikati yao, mwanamke mfupi mpana mwenye kikwembe kipya alikuwa amemshika mtoto kwa mikono yote miwili.

"Mumefika, muko wangu?" akasema. "Tuliisha kuzoea."

"Tumefika," mama akajibu, akiteremka kwa adabu, magoti pamoja. "Leta mutoto."

"Mutoto analala. Ukimushika ataamuka."

"Ataamuka na jina."

"Wimbo ya kuingia imeisha kuanza."

"Padri iko inje. Wimbo inaweza kujiimbia."

Padri alisubiri kama anavyosubiri mtu aliyejikinga mvua chini ya paa la watu. Shemeji aliulizwa aamue. Alisema kwamba misa, kwa namna moja, ilikuwa imeanza, na kwa namna nyingine haikuwa imeanza. Kisha akarudi kwenye viatu vyake.

Mkwe alikuwa bado anampembeza mtoto, lakini macho yake yalikuwa yamehama. Yalikuwa yametua kwenye pikipiki.

"Ile kintu," akasema, "inafungwaka na ufunguo?"

"Inafungwa," mama akajibu kabla yangu.

"Kwangu panya wanakula bikwembe. Wanakula na unga. Panya anaweza kuingia mule?"

"Hata vumbi haliingii!" nikasema mimi, mjinga, kwa fahari.

"Na ingine iko wapi?"

"Iko nyumbani."

"Basi moja inatosha." Alimwinua mtoto kidogo begani. "Jina kwenu, sanduku kwetu. Siwezi kubakia mikono mitupu siku ya mujukuu wangu, watu wote wananiangalia."

Watu wote waliniangalia mimi. Nakiri kwamba sikujibu haraka. Nilifikiria ule mpira mweusi, matundu niliyoyatoboa bila kukosea hata moja, na sanduku la kushoto ambalo sasa lingekuwa yatima. Hata nilijiuliza, na haya ndiyo niliyoyapeleka baadaye kwenye kitubio, kama baba angeona tofauti kubwa mtoto akiitwa jina jingine. Baba, ambaye kwa miaka yote alifunga lango letu kwa kipande cha waya, akalitikisa mara moja na kusema, "Imefungika," na kwenda kulala. Mama hakunihimiza. Alikuwa amesimama amenyoosha mikono, masizi ya jana yamebaki kwenye ukingo wa kucha zake.

Nikachomoa ufunguo kwenye mnyororo wa funguo zangu, nikautia katika kiganja cha mkwe. Mikono ikabadilishana mtoto. Mtoto akaamka, akalia, tukaingia ndani.

Padri alipouliza jina, mama alilitaja kwa sauti ya kuita mtu aliye mbali barabarani. Sikuwa nimelisikia likitajwa hivyo tangu mazishi. Hata aliyekuwa nje alisikia, na kama wimbo wa kuingia ulikuwa umeanza au haujaanza, halikuwa tena neno la kubishania.

Baada ya misa nililifungua sanduku kutoka kwenye fremu kwa moto wa mbabula ya akina mama waliokuwa wakipika karamu. Mkwe alikaa karibu yangu kwenye kigoda na kunishikia chuma kwa kitambaa.

"Polepole," akaniambia. "Usiharibu rangi ya sanduku yangu."

Jumatatu tulirudi, vifaa vyangu vikiwa ndani ya gunia la unga lililofungwa kwa kamba nyuma ya mama. Tulipofika uani, mama alishuka, akalichukua sanduku la kushoto pale lilipoangukia, akaliingiza chumbani kwake na kupanga humo vikwembe vyake. Hakuniuliza.

"Masanduku imeenda wapi?" Papa Voisin akauliza kutoka kitini pake.

"Moja tumenunua nayo jina, Papa."

"Jina ya nani?"

Nilimwambia. Aliinuka kitini. Halafu alilitamka mwenyewe, mara moja, kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akimwita mwenzake wa zamu. Akarudi kutazama barabara.

Nikachukua futi ya mama, nikapima kutoka katikati ya kiti kwenda kushoto, kisha kwenda kulia. Pande zililingana.